Lenzi Inayoona Nyuma ya Mtu

Kaloleni, Kisumu

Kwako kaka yangu Kariuki,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na mahali pengine haitakufurahisha. Natumaini mgongo wako umetulia, watoto wanasoma, na yule ng'ombe wenu mwenye vituko amezaa salama. Mimi ni mzima. Joto la huku halijanimaliza, mbu wamejaribu wakachoka, na nyumba hii ya kanjo, ya baraza la mji, bado inavuja pale pale juu ya kitanda. Nimesogeza kitanda badala ya kugombana na paa.

Naandika Kiswahili kwa makusudi. Nikiandika Kikikuyu, itabidi mke wako Mwende akutegemee wewe umtafsirie, na ninajua unavyotafsiri. Naandika kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa simu unaujibu kwa kile kidole gumba cha njano, halafu unawaambia watu tumezungumza.

Umeniomba mambo mawili. La kwanza, nije Karatina mwezi ujao na kamera ya Baba, nimpige Mama picha moja nzuri, ya kadi ya hospitali. La pili, nichague lenzi moja ya bei nafuu itakayofaa kazi hiyo, nikutajie, wewe utainunua. Nitakujibu yote mawili. Lakini kwanza utasoma habari za lenzi niliyo nayo, kwa kuwa hukuuliza kama ninayo.

Unakumbuka jinsi kamera ile ilivyonifikia. Baba alikuwa na lenzi tatu: fupi ya kupiga umati, ndefu ya kupiga nyuso, na ya kati aliyoiacha kwenye kamera siku zote. Tulipomzika, hukungoja hata maua yanyauke. Uliziuza zote kwa yule bwana wa Nairobi anayekusanya vitu vya kale, ukaniletea kamera tupu ndani ya sweta, ina shimo mbele. Ukaniambia, "Kamera ni hii, lenzi ni nyongeza." Nilikushukuru, kwa sababu matanga hayakuwa yameisha na wageni walikuwa wanatusikiliza.

Kamera ilikaa kabatini mpaka simu zilipoiua studio yangu. Siku hizi kila mtu mjini hapa ana picha elfu za uso wake mwenyewe, wa kunilipa nimwongezee moja hayupo. Kazi iliyobaki ni picha ya ukutani. Watu wa pande hizi za ziwa wanapenda mzee wao apigwe kwa filamu, asafishwe kwenye karatasi nzito, awekwe kwenye fremu kubwa sebuleni. Akiwa hai inamtazama anapokula. Akifa inabebwa mbele ya jeneza. Wanasema picha ya simu ni nyepesi, haiwezi kumtangulia mtu mzima. Kwa hiyo niliitoa kamera ya Baba kabatini, nikaenda kuitafutia jicho.

Nilienda kwa Bwana Wachira, mtu wa kwetu Othaya, anayeuza redio na kamera kuukuu karibu na stendi ya mabasi. Aliniwekea lenzi tatu juu ya gazeti, nami nilikuwa na uwezo wa kuchukua moja tu, na hiyo moja iwe ya bei ya chini. Ile fupi ingeingiza ukoo mzima ndani ya picha, lakini nilipomjaribu nayo yeye mwenyewe kwa karibu, pua yake ilitangulia uso, na nilipomletea karatasi aliigeuza kifudifudi. Ile ndefu ilikuwa nzuri kuliko zote. Inakuruhusu kusimama mbali, ukampiga mtu bila kunusa alichokula wala kusikia anachosema. Bei yake nilipoisikia nilianza kucheka, kicheko kikaishia njiani. Ikabaki ya kati, ya Kirusi, kuukuu, nyepesi, na pete ya kuiunganishia na kamera ya Baba. Nilimuuliza kwa nini ni rahisi hivyo.

"Ni kwa sababu hakuna mtu anaitaka," Wachira akaniambia.

Nikainunua. Huwa sipati muuzaji anayesema ukweli, nikadhani ni bahati.

Sasa nisikilize vizuri, maana wewe hukuwahi kukubali Baba akufundishe. Kamera ile haikuonyeshi kinachoonwa na lenzi. Unachungulia kwenye kitundu chake cha pembeni, na humo unamwona mtu mmoja mara mbili, mmoja juu ya mwingine, hawajakaa sawa. Unazungusha lenzi taratibu mpaka wale wawili wanakuwa mmoja. Hapo kamera inakwambia kwamba uso umelengwa, piga. Na lenzi yangu, kwa vitu vya mbali, inakubaliana na kamera kabisa. Nikipiga vilima kutoka gatini unahesabu miti. Lakini mtu akiwa karibu, mezani kwangu, kamera inasema ni yeye, na lenzi inatazama kitu kilicho nyuma yake. Mchungaji wa kwanza niliyempiga alitoka kama mvuke wa sufuria, na kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yake ilisomeka mpaka jina la kiwanda kilichoichapa. Alinilipa nusu. Sikumlaumu.

Fundi mmoja alinieleza kwamba aliyeifungua lenzi hiyo zamani aliirudisha vibaya. Kuitengeneza ni Nairobi, na bei yake inanunua nyingine. Basi nikajifunza tabia yake. Namkalia mtu karibu, nalinganisha wale wawili mpaka wawe mmoja, kisha bila kugusa lenzi naegemea nyuma mpaka kiti kinalia, ndipo napiga. Nikirudi nyuma, uso unatoka mkali, hata vinyweleo vinaonekana. Nisiporudi, anayeonekana ni aliye nyuma. Kazi yangu yote sasa iko katika kuegemea huko, na watu wa ziwa wamenizoea. Wanasema yule nyar Karatina, yaani binti wa Karatina, ana kamera inayomwogopa mtu.

Ndipo akaja Ouma. Huyu ni mtu wa makamo, ana duka la vifaa vya ujenzi kule Bondo, mama yake mgonjwa alikuwa anakaa peke yake kijijini Kisian. Aliingia kwangu akaangalia paa kabla hajaniangalia mimi.

"Madam, nasikia unapiga ile ya filamu. Nataka moja ya mama yangu. Moja tu, clean, ya frame kubwa."

"Ya nini?" nikamuuliza, maana mtu akiniambia ni ya nini ninajua karatasi ya kutumia.

"Kitambulisho yake ilipotea."

Nikamwambia picha ya kitambulisho serikali inapiga yenyewe, na haitaki fremu. Akacheka kidogo, akaniambia basi iwe ya ukuta, nisiulize maswali mingi.

Nilipofika Kisian nilikuta ua umekatwa upya, bado unatoa maji. Murram mpya, ule udongo mwekundu wa barabara, ilikuwa imemwagwa kutoka barabarani hadi mlangoni. Choo kilikuwa kipya, mabati yake yanaumiza macho. Nyavu ambazo mama yake alikuwa akianikia omena, dagaa wa ziwani, zilikuwa zimekunjwa na kutupwa nyuma ya jiko. Na katikati ya usafi huo wote alikaa mama mmoja mdogo wa mwili, Mama Roselida, kwenye kiti cha plastiki, amevalishwa gauni jeupe lenye mikunjo ya dukani. Alikuwa amejifunika uso kwa leso. Ouma alisema ndivyo anavyofanya kila akiona simu imeinuliwa, kwa hiyo hawana hata picha yake moja ya maana. Alisema kama anayelalamika juu ya mbuzi asiyekamatika.

Ukuta wa nyumba ulikuwa na plasta nusu, haukufaa. Nikaomba shuka jeupe. Ouma akalishika mwenyewe nyuma ya mama yake, mikono ameitandaza, kichwa kimetokeza juu. Mimi nikakaa mbele. Lenzi yangu haikubali kwenda karibu kuliko hatua moja, nami kwa picha ya uso naitumia hatua yote. Magoti yetu yalikuwa karibu kugusana. Ningekuwa na ile lenzi ndefu, ningekuwa langoni nimesimama, na yote ninayokusimulia sasa yangenipita.

Alishusha leso mpaka kidevuni, akanitazama.

"Nyathina, mtoto yangu, wewe natoka wapi?"

"Karatina, Mama."

"Hii picha ni ya nini?"

Ouma akajibu kutoka juu ya shuka. "Mama, nilishakuambia. Ni ya kitambulisho."

Mama Roselida hakugeuka. Aliendelea kunitazama mimi, na sauti yake akaishusha. "Jana imekuja watu wa hema. Wamepima kutoka hapa mpaka kwa ile mti. Mimi nimekaa kwa mlango nawaona. Wakanisalimia vizuri sana." Akashika ncha ya leso. "Kitambulisho inataka hema?"

Nikainua kamera ili nisimtazame kwa macho matupu.

"Mama, angalia camera, wacha kuongea," Ouma akasema. "Madam, niko na lorry ya simiti inaningoja, fanya haraka."

"Hii kitu yako," Mama Roselida akaniambia polepole, "naweza piga yeye? Yeye iko hapo nyuma yangu. Mimi usinipige. Piga yeye."

Nikachungulia. Kwenye kitundu nilimwona mama yule mara mbili, na juu yake nikamwona mwanawe. Alikuwa ameinamisha uso, anautazama utosi wa mama yake. Nimepiga nyuso za watu tangu nikiwa msichana, na uso ule ninaujua. Ni uso wa mtu aliye kwenye foleni ya benki, anamwangalia aliye mbele yake anayechelewa dirishani.

"Mimi siko ndani, sivyo?" Mama Roselida akaniuliza.

"Kaa hapo hapo," nikamwambia. "Usisonge."

Nikalinganisha mpaka wale wawili wakawa mmoja. Sikurudi nyuma. Nikapiga.

Simu ya Ouma ikalia, ni dereva wa lori. Akalitupa shuka juu ya kiti kingine akaenda barabarani kupiga kelele. Mama Roselida akamsindikiza kwa masikio mpaka sauti ikawa ndogo. Kisha akaivua leso kabisa, akaikunja, akanyoosha kola ya lile gauni la dukani kana kwamba amelichagua mwenyewe. Akaniambia, "Sasa piga yangu." Nyuma yake hakukuwa na shuka wala mtu, ni jiko lake na zile nyavu. Nikalinganisha, nikaegemea nyuma mpaka kiti kikalia, nikapiga. Nilipoondoka alinishika mkono akasema ero kamano mara nyingi kuliko inavyostahili shukrani ya picha.

Ouma alipokuja kuchukua ya kwake, nilikuwa nimeikuza ukubwa wa meza ndogo. Aliibeba mpaka dirishani kwenye mwanga. Katikati ya karatasi mama yake alikuwa wingu jeupe lenye macho mawili. Juu ya wingu hilo alikuwepo yeye, mkali mno, ndevu zinahesabika, na ule uso wa foleni ya benki.

"Huyu mama haonekani," akasema. "Nilikuambia unipige mimi?"

"Ndivyo ilivyotoka. Filamu haina kurudia."

Alitaka nirudi Kisian nipige tena, nami nilirudi, sikukataa kazi. Mama Roselida alikuwa ameshaiona ile picha, ameiweka kitandani kwake. Alijifunika leso akakataa katakata. Alimwambia mwanawe mbele yangu, "Kitambulisho yangu ni hiyo. Mimi naona iko sawa." Alikuwa na furaha, Kariuki. Sijawahi kuona mtu mgonjwa mwenye furaha ya namna hiyo, na sikuipenda sana, lakini nilimwelewa.

Haikupita muda mrefu akafa. Hema zilikuja pale pale zilipopimwa.

Nilienda kumzika. Familia haikuwa na picha nyingine, kwa hiyo ikabidi ile ile ibebwe. Nilisikia Ouma alipeleka kwa kijana wa kompyuta amkate atoke, lakini mikono yake ilikuwa imemzunguka mama yake pande zote na kichwa chake kiko juu ya chake. Ukimkata yeye unabaki na wingu na mikono isiyo na mwenyewe. Wakaiweka ilivyo, kwenye fremu ya dhahabu, na binti mmoja wa ukoo akasimama nayo langoni wageni wakiingia.

Unajua wenzetu huku wanavyoingia matangani. Hawaji wakinong'ona kama sisi. Mtu anaanza kulia kutoka barabarani, anaita jina la marehemu, anamsifu, anamuuliza kwa nini ametuacha. Basi shangazi mmoja mzee alifika amechelewa kutoka upande wa Bondo, ameambiwa tu kwa simu kwamba kwa Roselida kuna msiba. Akaiona ile picha langoni. Akaona uso mmoja tu unaoonekana. Akaweka mikono kichwani na kuanza kumlilia Ouma. Aliita jina lake, akaita jina la duka lake, akalia kwamba mama yake mzee sasa atabaki na nani. Alitembea juu ya ile murram mpya mpaka ndani ya hema akimwombolezea, na watu wakaanza kumjibu kabla hawajajua wanajibu nini.

Ouma alikuwa amesimama karibu na jeneza, amevaa suti. Alisikia sifa zake zote. Shangazi alipomwona alinyamaza ghafla, akarudi nyuma, akakataa kumpa mkono. Wazee walinong'onezana, wengine wakaondoka kabla ya chakula. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani kucheka, nikajizuia kwa sababu ya marehemu, halafu nikakumbuka kwamba marehemu ndiye angecheka kwanza.

Ouma alikuja kwangu baadaye. Amekonda. Alikaa kwenye kile kiti kinacholia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna nyingine. "Najua nilitoka kidogo kuongea na dereva. Wewe ulibaki na yeye. Tafadhali, dada yangu. Kuna nyingine?"

Pazia la chumba changu lilikuwa nyuma yake, na nyuma ya pazia, ukutani, Mama Roselida alikuwa ananitazama, mkali, kola imenyooka, na nyavu zake. Angegeuka na kuvuta kitambaa angemwona.

"Hakuna," nikamwambia.

Akalia. Alilia kwelikweli, kamasi na yote, mtu mzima. Nilimtengenezea chai nikamwekea sukari, nikakaa naye mpaka akamaliza kikombe. Kisha akaenda. Nilidhani baada ya siku chache nitajuta nimpigie simu. Bado nangoja.

Sasa nakujibu wewe.

Mama alinipigia wiki iliyopita. Aliniambia umekata ua. Aliniambia umemwaga murram kutoka barabarani mpaka mlangoni, na kwamba choo kipya ni cha kukaa, kina mabati ya rangi. Kariuki, Mama aliiomba njia ile tangu miguu yake ilipoanza kuvimba, akawa anateleza kila mvua ikinyesha, na wewe ulisema murram ni ghali. Sasa hatoki nje kabisa, na murram imefika. Na kadi ya hospitali anayo. Nilimwombea mimi, picha ilipigwa kwa simu ya karani.

Mama Roselida alijua murram ile ni ya wageni wa matanga. Mama yetu hajui. Alinihesabia kila kitu ulichomfanyia kwa sauti ya kukusifu, akasema, "Ndugu yako amebadilika, ananipenda sana siku hizi." Hapo ndipo nilipolia, na sikulia kwa ajili yako.

Kwa hiyo lenzi usininunulie. Ile ndefu ungetaka sana niwe nayo, nisimame mbali huko kwenye shamba la chai. Nitakuja mwezi ujao na hii ya bei ya chini isiyotakiwa na mtu. Nitamkalia Mama magoti kwa magoti. Nikimaliza, picha moja itakuwa yangu, na kuipiga hiyo nitakaa naye peke yangu. Nyingine itakuwa yako, ya kubeba, na kwa picha hiyo nitahitaji mtu wa kushika shuka. Mtu huyo ni wewe. Una mwezi mzima wa kukaa na Mama kila siku mpaka uso wako uzoee kumtazama. Siku hiyo nitawalinganisha mpaka wawili wawe mmoja, nitakuangalia wewe kwa juu yake, ndipo nitakapoamua kama nitarudi nyuma.

Nisalimie mke wako Mwende, mwambie kitenge alichoagiza nimekipata. Nisalimie mama mdogo Wambui na umwambie dawa ya macho asiigawie jirani. Watoto wako wabusu wote, hata yule anayeuma. Mama usimsomee barua hii. Mwambie tu nakuja, na kwamba asivae kitu utakachomnunulia, avae lile gauni lake la kijani la kanisani.

Wewe tafuta shuka jeupe, na ulipige pasi.

Ni mimi dada yako,
Gathoni